Ndege kuukuu ya kijeshi inayokaa nje: kutafuta chanzo cha kila dalili huku Nyanda za Juu Kusini

Adui mkubwa wa ndege inayokaa nje ni maji yaliyoingia ndani yakakosa pa kutokea. Unga mweupe kwenye bati, rangi inayobanduka, ribiti (pini za kubania mabati) zinazokatika vichwa, nyaya zilizooza, uvundo kwenye chumba cha rubani: ukifuatilia kila moja hadi mwanzo wake, mara nyingi utakuta maji. Ndiyo maana nasikitika nikiona kikundi cha watu wenye moyo kinaanza na rangi. Najua kwa nini wanaanza nayo. Rangi inaonekana, mfadhili akipita anaona kazi imefanyika, na vijana wanapata nguvu ya kurudi Jumamosi inayofuata. Lakini rangi iliyopakwa juu ya bati lenye unyevu chini yake haidumu, na ikibanduka inaondoka na michango ya watu pamoja na imani yao.

Kwa hiyo hapa tunaanza na dalili, tunarudi nyuma hadi chanzo, ndipo tunaongelea dawa. Ni kwa ajili ya ndege inayohifadhiwa chini kama kumbukumbu. Anayetaka kuirusha ana safari nyingine ndefu, na inapitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Hali ya hewa yetu inaifanyia nini ndege

Mvua ya huku inaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na upande wa Rungwe, kama Tukuyu, hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Hilo kila mtu analijua. Linalosahaulika ni umande wa kipupwe. Juni hadi Agosti hakuna mvua, watu wanadhani ndege imepumzika. Kumbe usiku wenye anga safi bati la bawa linapoa kuliko hewa inayolizunguka, na unyevu wa hewa unageuka matone juu yake, nje na ndani. Nimeona ndege ikidondosha maji ndani mwezi wa saba, wakati barabarani ni vumbi tupu.

Halafu kuna jua. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe ni juu zaidi. Mpira, kitambaa na vioo vya plastiki huchoka mapema huku kuliko pwani. Upande mmoja tuna nafuu kubwa: hatuna chumvi ya bahari. Ndege iliyopatikana bara ina nafasi ya kuokolewa ambayo ile iliyokaa pwani miaka hiyo hiyo huenda haina.

Mifano mingi hapa nimeitoa kwenye Dakota, yaani Douglas C-47. Zilitengenezwa zaidi ya 10,000 wakati wa Vita vya Pili, na baada ya vita shirika la East African Airways lilirusha Dakota katika anga yetu. Mbeya yenyewe ilikuwa kituo cha Imperial Airways kwenye njia ya London hadi Cape Town tangu 1932, kwa hiyo tukihifadhi ndege ya zamani huku tunahifadhi na historia yetu. Kama yenu ni jeti au ndege ndogo ya mafunzo, majina ya sehemu yatabadilika, ila maji yanafuata sheria zile zile.

Kabla ya kugusa chochote: yanayoua

Kama ndege ni jeti ya kivita, asipande mtu kwenye chumba cha rubani mpaka wataalamu wa JWTZ, jeshi letu, wathibitishe kwamba kiti cha kumrusha rubani na kifuniko cha kioo havina baruti. Baruti ya kiti inaweza kulala miongo na bado ikafyatuka. Hili halina majadiliano, na halina "fundi mmoja anazijua".

Miguu ya ndege ina oili na hewa iliyobanwa kwa shinikizo kubwa. Ukifungua nati kubwa ya mguu kabla ya kutoa hewa, vyuma vya ndani vinatoka kwa nguvu ya kuua. Chupa za haidroliki nazo hivyo hivyo. Hakikisheni pia pini za kufunga miguu zipo mahali pake kabla ya mtu yeyote kuingia chini ya ndege.

Saa za vipimo za chumba cha rubani za miaka ya vita mara nyingi zilipakwa rangi yenye radiamu ili zisomeke gizani. Siku hizi nyingi haziwaki tena, na watu wanadhani zimekufa. Kilichokufa ni kile kinachotoa mwanga; radiamu yenyewe hupungua nusu baada ya miaka 1,600 hivi. Msizifungue, msizisugue, msiziache watoto wazichezee. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania ndiyo ya kuitwa ije kupima.

Rangi ya chini ya kijani-njano mnayoikuta ndani ya kiwiliwili ni kromati ya zinki. Vumbi lake husababisha saratani. Haisuguliwi kavu. Tumieni maji, barakoa ya vumbi laini na glavu, na matope yake yakusanywe kwenye ndoo, yasimwagwe kwenye mfereji unaoelekea bustani za watu.

Matangi ya mafuta yaliyoonekana matupu ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu mvuke unalipuka haraka kuliko petroli yenyewe. Hakuna kuchomelea, hakuna mashine ya kusaga chuma, hakuna sigara karibu nayo.

Dalili: maji yamesimama sakafuni au tumboni mwa ndege

Hapa ndipo nataka mtumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote, maana mkilitatua hili nusu ya matatizo yanayofuata yanakoma kukua.

Kosa linalofanyika kila mahali ni kuona maji, kununua silikoni dukani na kupaka kila mahali panapoonekana pana ufa. Maji hayadondoki pale yalipoingilia. Ni yale yale ya nyumba ya bati: tone linaangukia kitandani, tundu liko kwenye kofia ya paa upande wa pili. Ndani ya ndege maji hutembea kwenye mbavu na nyaya mita kadhaa kabla ya kudondoka.

Fanyeni jaribio. Chagueni siku kavu, kausheni ndani kwa matambara hadi pawe pakavu kabisa. Mtu mmoja aingie na tochi na chaki. Mwingine nje awe na mpira wa maji usio na presha kubwa. Anzeni chini, sehemu moja kwa dakika kumi, kisha pandeni taratibu: kwanza kiungo cha bawa na kiwiliwili, kisha milango, kisha madirisha ya pembeni, kioo cha mbele, na mwisho paa lenye matundu ya antena. Mkianzia juu maji yatashuka kila mahali na hamtajua lipi limetoka wapi. Aliye ndani akiona tone la kwanza apige kelele na kuchora chaki mahali alipoliona mara ya kwanza, si pale linapoangukia.

Kwenye Dakota watuhumiwa wa kwanza ni fremu za kioo cha mbele; zinavuja tangu enzi zilipokuwa zinaruka. Kisha mlango mkubwa wa mizigo upande wa kushoto nyuma, ambao mpira wake wa kuzibia huwa umekauka na kukatika. Kisha tundu lolote ambalo zamani lilikuwa na antena au kifaa kilichong'olewa.

Mkishalipata tundu, zibeni kwa kitu sahihi. Nusa silikoni kabla ya kuinunua au muulize muuzaji akufungulie: ikinuka siki, iacheni. Inapokauka hutoa asidi ya siki, na asidi hiyo inakula alumini pale pale ulipodhani unailinda. Ipo silikoni isiyo na harufu hiyo, na gundi za poliyurethani wanazotumia mafundi wa kufunga vioo vya magari zinafaa.

Sasa swali la pili, ambalo nadhani ni kubwa kuliko la kwanza: kwa nini maji hayakutoka? Ndege ina matundu madogo chini ya tumbo na chini ya mabawa kwa kazi hiyo. Yanazibwa na udongo wa nyigu, majani, viota na rangi ya marekebisho ya zamani. Yazibueni kwa kijiti cha mti au waya wa plastiki. Msumari unakwaruza kingo, na ukwaruzo ni mlango wa kutu.

Na ikiwa matundu yako wazi na maji bado yamesimama, angalieni mkao wa ndege. Dakota hukaa mkia chini, pua juu, na kwa mkao huo maji hukimbilia nyuma. Vikundi vingine huinua mkia juu ya nguzo ili ndege ionekane kama inaruka, picha zipendeze. Mkao ukibadilika, sehemu ya chini kabisa nayo inabadilika, na maji yanasimama mahali ambapo hapana tundu lolote. Ama irudisheni ilivyokuwa, ama mtafute mahali pa chini kabisa pa mkao mpya na kumwomba mtu anayeijua miundo ya ndege awaonyeshe pa kutoboa bila kudhoofisha ubavu.

Maji yakionekana kipupwe bila mvua, hayo ni ya umande wa ndani. Dawa yake ni hewa. Ondoeni vitambaa na sufi za ukutani zilizoloa, fungueni madirisha na vifuniko na kuweka wavu wa mbu, acheni upepo upite. Turubai siipendi. Naelewa hamu ya kuifunika ndege, lakini turubai lililobana linafungia unyevu ndani na kusugua rangi kila upepo unapovuma. Kama mna uwezo wa kujenga kibanda cha bati kisicho na kuta, chenye nafasi ya kutosha kati ya paa na ndege, kijengeni kabla ya kununua hata kopo moja la rangi. Mabawa ya Dakota yana karibu mita 29 toka ncha hadi ncha, kwa hiyo kibanda kamili ni gharama. Hata paa juu ya kiwiliwili na injini tu ni msaada mkubwa.

Dalili: unga mweupe, bati linavimba, vichwa vya ribiti vinaruka

Alumini haipati kutu nyekundu. Inapooza hutoa unga mweupe au kijivu, na unga huo unachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichopotea. Ndiyo maana bati linavimba katikati ya ribiti na ribiti zenyewe zinavutwa mpaka vichwa vinakatika. Ukiona vivimbe vilivyojipanga kwa mstari, basi uozo umejificha kati ya mabati mawili yaliyolaliana, na unachokiona nje ni sehemu ndogo tu.

Vyanzo vyake ni vingi, na baadhi ni vya kwetu kabisa.

Cha kwanza ni metali mbili tofauti kugusana penye unyevu. Bolti ya chuma cha kawaida au ya shaba ndani ya alumini ni betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Bolti za asili za ndege zilipakwa metali ya kadimiamu kwa sababu hiyo. Watu wanazitupa kwa kuwa zimechakaa na kuweka za dukani zinazong'aa. Mwaka unaofuata kuna pete ya unga kuzunguka kila bolti. Zile za zamani zikiwa nzima zirudisheni. Msizisage wala kuzipasha moto, moshi wa kadimiamu ni sumu.

Cha pili sijakiona kikitajwa popote nami nataka kila kikundi cha Iringa na Njombe kikisikie: mbao zilizotiwa dawa. Nguzo na mbao zile za rangi ya kijani zimejaa Mafinga na Njombe, ni imara, mchwa hawazigusi, na ni jambo la kawaida kuzitumia kuegemeza bawa au mkia. Dawa yake ina shaba. Mvua ikinyesha shaba inatoka na maji, inaingia kwenye alumini inayolalia mbao, na bati linatobolewa kutoka chini mahali ambapo hakuna anayetazama. Tumieni mbao zisizo na dawa, hata kama mtalazimika kuzibadilisha, na katikati wekeni mpira mnene wa tairi.

Cha tatu ni majivu na zege bichi. Majivu yanasugua masufuria vizuri, na mama zetu wametumia miaka yote. Kwenye ndege hapana. Maji ya majivu yanakula alumini, vivyo hivyo saruji mbichi inayomwagika wakati wa kujenga vibaraza vya magurudumu. Sabuni kali ya unga nayo iacheni. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kidogo, na kusuuza kwa maji mengi, inatosha.

Mwisho angalieni chini ya kisanduku cha betri, ambako asidi ilimwagika zamani, na kila mahali panya walipolala. Mkojo wa panya umetoboa mabati mengi.

Kuhusu kusafisha. Msitumie stilwaya ya jikoni wala brashi ya waya wa chuma. Vipande vidogo vya chuma vinabaki vimechomekeka kwenye alumini na kila kimoja kinaanzisha tundu lake. Pedi ya nailoni ya kijani inayouzwa madukani inafanya kazi, pamoja na maji. Na sugueni pale palipooza tu. Bati la ndege limefunikwa na ngozi nyembamba ya alumini safi, karibu asilimia 5 ya unene kila upande. Kwenye bati la milimita moja hiyo ni sehemu ya ishirini ya milimita. Ngozi hiyo ndiyo inayolilinda. Wanaopiga msasa ndege nzima ili ing'ae wanaiondoa, na ndege inayong'aa leo itakuwa na madoa mvua zikianza.

Uozo ukiwa kwenye bati la nje tu, mnaweza kuushughulikia wenyewe. Ukiwa kwenye nguzo kuu ya bawa, ambako chuma nene kinafunguka tabaka kwa tabaka, au kwenye mstari wa bolti unaounganisha bawa la nje na la kati kwenye Dakota, simamisheni kazi. Hapo pazungushieni kamba, asikae mtu chini, na tafuteni mhandisi. Kufungua kipande cha bati kinachofunika mstari ule wa bolti na kutazama kwa tochi ni moja ya kazi za kwanza ambazo ningeifanya kwenye Dakota yoyote.

Dalili: michirizi ya kutu nyekundu inayoshuka kutoka kwenye ribiti

Ribiti za asili za ndege ni za alumini, haziwezi kutoa kutu nyekundu. Kwa hiyo kuna mtu aliwahi kutengeneza hapo kwa ribiti za kuvuta za fundi bati, ambazo ndani yake hubaki kishina cha chuma. Ng'oeni, safisheni tundu, wekeni za alumini tupu. Kama michirizi inatoka chini ya kiraka chenyewe, basi kiraka ni cha bati la paa au la gari. Chini yake mtakuta puti ya magari, ambayo inafyonza maji. Yote yaondoke.

Dalili: rangi inabanduka kwa vipande vikubwa

Geuzeni kipande kilichobanduka mkitazame upande wa chini. Kikiwa safi, laini, kimeng'aa, rangi haikuwahi kushika: bati lilikuwa na mafuta, au halikupewa praima ya alumini, yaani rangi ya chini ya kushikisha. Kikiwa na unga mweupe, uozo ulikuwapo kabla ya kupaka. Kikiwa na rangi nyingine ya zamani imeshikamana nacho, basi ya chini ndiyo iliyoachia, na mtalazimika kuitoa nayo.

Rangi yenye viputo vidogo au ukungu mweupe ilipakwa penye unyevu. Kanuni ya wapakaji ni bati liwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua. Kwa lugha ya Mbeya mwezi wa sita: msianze kabla ya saa 4 asubuhi hata kama jua limetoka mapema, shikeni bati upande wa kivuli kwa mkono, na acheni kupaka saa 8 mchana ili rangi iwe imeshika kabla ya jua kushuka. Agosti na Septemba hewa ni kavu zaidi lakini vumbi linaruka. Mwagieni maji ardhi inayowazunguka kwanza, mbali na ndege.

Praima ya epoksi, kisha rangi. Rangi ya mafuta ya kupaka madirisha, moja kwa moja kwenye alumini, ni pesa iliyotupwa.

Dalili: vioo vimejaa nyufa nyembamba au vimekuwa njano

Vioo vingi vya pembeni ni vya akriliki. Jua linavichosha, na petroli, asetoni na tina vinavimaliza kwa dakika. Mara nyingi nyufa zile za nywele zilitokana na mtu aliyefuta kwa tina ili kuondoa rangi. Haziponi. Oshea kwa maji mengi ukipitisha kiganja kwanza ili uhisi mchanga, kisha kitambaa laini cha pamba, na mchana vifunikeni kwa kitambaa cheupe kisichogusa kioo.

Dalili: kitambaa kwenye mkia kimelegea au kimechanika

Dakota ni ya bati, ila sehemu zinazocheza, yaani eleroni za mabawa, eleveta na usukani wa mkia, zina fremu ya alumini iliyovikwa kitambaa. Kikibonyea kwa kidole na kisirudi, kimeoza. Kitoeni, maana kitambaa kilichooza kinashikilia maji juu ya fremu. Rangi ya zamani ya kukaza kitambaa inawaka kwa kasi ya kutisha; vipande vyake visichomwe wala kuachwa karibu na jiko la chai. Kama hamna kitambaa cha ndege, ni heshima zaidi kuacha fremu wazi, safi, imepakwa praima, kuliko kuifunga kwa turubai.

Dalili: propela haizunguki, au inazunguka kisha inagoma

Injini ya Dakota ina silinda 14 katika duara mbili, na zile za chini zimeelekea ardhini. Oili inashuka taratibu na kujaa ndani ya silinda hizo. Oili haibanwi, ukilazimisha propela izunguke, kinachopinda ni mkono wa pistoni. Kwa hiyo ikigoma, acheni. Toeni plagi za silinda za chini, wekeni beseni, oili ishuke, kisha jaribuni tena kwa mkono mwepesi.

Ikiwa hakuna oili iliyotoka na bado imegoma, pistoni zimeshikwa na kutu. Mimineni mchanganyiko wa dizeli na oili ya giaboksi ya otomatiki kwenye kila tundu la plagi, subirini wiki kadhaa, mkiongeza. Muda ndio unaofungua, nguvu haifungui. Na wakati wote huo chukulieni propela kuwa hai. Waya mmoja mwembamba wa kuzimia magneto, kifaa kinachozipa plagi cheche, ukikatika, swichi ya chumba cha rubani haizimi kitu, na injini inaweza kupiga mara moja mtu akiisukuma. Plagi zote zikiwa nje hatari hiyo inaondoka, basi zitoeni zote.

Baadaye zibeni eksozi na matundu ya hewa kwa vizibo vyenye utepe mwekundu.

Dalili: ndege inaegemea upande mmoja

Pimeni vitu vitatu kwa mpangilio huu: tairi, mguu, ardhi. Tairi bapa linaonekana. Mguu uliokosa hewa unajulikana kwa sehemu yake inayong'aa, ambayo imezama ndani ikilinganishwa na ya mguu wa pili. Ardhi ndiyo inayowapita wengi: Dakota tupu ina uzito wa kama tani 8, karibu zote kwenye magurudumu mawili, na udongo wetu mwekundu ukilowa Januari unakubali kuzama. Mkiongeza hewa kwenye tairi wakati ardhi ndiyo inayozama mtakuwa mnajaza kila mwezi.

Dawa ya kudumu ni vibaraza vya zege vilivyokauka kabisa kabla ya kuipandisha ndege, na stendi za chuma zinazobeba uzito ili tairi lisibebe. Kupiga jeki ni kwenye pointi zilizoandikwa kwenye kitabu cha matengenezo cha ndege hiyo, asubuhi isiyo na upepo, bila mtu ndani.

Dalili: ndege imesogea, au inatetemeka usiku

Upepo. Anayekaa Makambako hahitaji kuelezwa. Ndege ya mkia chini hukaa imeinua pua, na bawa limekaa kwa pembe inayotafuta kupaa kila upepo unapokuja mbele. Nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi yake: kasi ikiwa maradufu, nguvu ni mara nne.

Fungieni kwenye matofali makubwa ya zege yaliyofukiwa, sehemu tatu, mabawa yote na mkia. Kamba ya katani hujikaza ikilowa na inaweza kupinda kiungo cha kufungia, ikikauka inalegea. Tumieni nailoni nene au mnyororo wenye mpira, na uacheni mlegeo kidogo. Eleroni, eleveta na usukani vifungwe kwa vibao visicheze, kwa sababu kupigapiga usiku kucha ndiko kunakovunja bawaba zake. Mkisikia mtetemo, mara nyingi ni kimoja cha hivyo kilichofunguka.

Dalili: mlio ndani ya bawa, harufu, uchafu unaotoka kwenye matundu

Nyuki wanaipenda ndege. Bawa ni mzinga mkubwa kuliko yote waliyowahi kuona. Msichome moto wala kupuliza moshi ndani ya bawa lenye tangi. Mvuke wa mafuta bado uko humo. Iringa na Mbeya tuna warina asali wazoefu. Mwiteni mmoja, aje jioni, awahamishe kwenye mzinga, na sega lote litoke, maana asali iliyobaki inavuta wadudu wengine na kushikilia unyevu. Kisha wekeni wavu wa chuma cha pua kwenye kila tundu kubwa, mkiuweka juu ya ukanda wa mpira ili usiguse alumini.

Viota vya panya vitolewe kwa glavu na barakoa, vikiwa vimenyunyiziwa maji yenye dawa ya kuua vijidudu, kisha bati lisuuzwe vizuri kwa maji safi. Nyaya walizotafuna zipigeni picha kabla ya kuzigusa.

Dalili: tatizo mlilotengeneza limerudi

Wekeni daftari moja, likae kwenye sanduku lisiloingia maji pale pale kwenye ndege. Kila doa lina namba, picha, tarehe, na jina la kilichopakwa au kuzibwa. Vikundi vya kujitolea vinabadilika: mwanafunzi anamaliza chuo, mwalimu anahamishwa Songea, na anayekuja baada yake anarudia silikoni ile ile ya siki kwa sababu hakuna alipoandikiwa.

Mvua ya kwanza ya Novemba iwe siku ya kazi. Mtu aingie ndani na tochi wakati inanyesha, na daftari mkononi, apite namba moja baada ya nyingine. Doa likirudi mahali pale pale na maji yapo, jaribio la mpira wa maji lirudiwe kuanzia juu kidogo ya pale mlipoishia mara iliyopita. Likirudi na pakavu kabisa, angalieni kinachogusa bati upande wa pili: bolti ya dukani, mbao ya kijani, mabaki ya asidi ya betri. Fungueni mpaka mkione kwa macho, hata kama ni kung'oa kazi ya juma lililopita.